Sabufa imenitia aibu kwenye feri, niifunge upya vipi kwenye Fielder?

Fielder ya Kisauni

Salaam wadau. Nina Toyota Fielder ya 2010 na kazi yake ya kwanza ni samaki. Alfajiri nachukua mzigo, makasha mawili ya barafu nyuma, nazungukia wateja wa Nyali na Bamburi hapa Mombasa. Kuanzia jioni gari ni langu, na hapo ndipo tamaa ya besi iliponiingia.

Miezi mitatu nyuma nilinunua sabufa ya inchi 12 na ampi (amplifaya) ya mtumba, ubavuni imeandikwa wati 1800. Fundi mmoja wa mtaani (simtaji, tunaswali msikiti mmoja) akanifungia kwa saa mbili tu. Boksi liko buti, halikushikwa na kitu, na ampi kaipigilia ubavuni mwa boksi lilo hilo.

Sasa matatizo. Taa za mbele zinafifia kila besi ikipiga. Ampi inawasha taa nyekundu na kunyamaza baada ya dakika kama 20, hasa nikinaswa kwenye foleni ya Kongowea jua la saa nane. Na spika za milangoni zina mluzi: nikikanyaga mafuta unapanda, nikiachia unashuka, nikizima injini haupo.

Jumapili nikawa nampeleka mama mkwe Likoni. Foleni ndefu, nasogea nazima, nasogea nazima, na redio inaendelea maana yeye alikuwa anasikiliza taarabu na mimi sikuthubutu kuikata. Tukaingia feri salama. Ng'ambo magari ya mbele yakaanza kutoka, nazungusha ufunguo: tik, tik, tik. Honi nyuma yangu usiseme. Nilisukumwa na vijana watano hadi juu ya mteremko, mama mkwe yumo ndani, mtandio kajifunika uso wote.

Hayo ya aibu yanapita. Lililoninyima usingizi ni hili: siku mbili kabla yake nilifunga breki ghafla karibu na daraja la Nyali, boksi likateleza likagonga mgongo wa kiti cha nyuma, na mwanangu kakaa pale pale. Mke wangu amesema ling'oke lote. Mimi nataka lifungwe sawasawa, tena liwe linatoka upesi kwa sababu asubuhi nahitaji buti nzima. Nisaidieni.

Likoni Express

Pole kwa mama mkwe. Kumbe ni wewe! Mimi ndiye niliyekuwa nyuma yako napiga honi.

Swali la maana lakini: ukizima redio, taa ya ampi inazima au inabaki? Kuna mafundi huunganisha ule waya wa bluu, wa kuiwasha ampi, kwenye umeme wa kudumu, ampi inakunywa betri usiku kucha.

Fielder ya Kisauni

Samahani kwa honi ndugu. Nimeangalia, inazima pamoja na redio.

Bi Tudor

Ndugu yangu, tupime kabla ya kutoa dawa. Waya unaotoka betri hadi ampi una unene gani? Maandishi yako juu ya plastiki yake. Kuna fyuzi karibu na betri? Ampi yenyewe ina fyuzi za ngapi? Sabufa ina vituo viwili vya waya au vinne, na imeandikwa omu (ukinzani wa umeme) ngapi?

Kisha uazime maltimita (kipima umeme). Injini ikiwaka na besi ikipiga, pima volti kwenye betri, halafu kwenye ampi. Pima na mara ya tatu: ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye kituo cha athi cha ampi, pale unapofungwa waya wa kurudisha umeme kwenye bodi. Mwisho ufuate waya wa athi mpaka unapoishia, utuambie umeona nini. Usikisie.

Fielder ya Kisauni

Shukran dada. Ndio natoka kwenye gari, jasho linanitiririka.

Waya mwekundu ni huu wa umeme wa nyumba, umeandikwa 2.5. Fyuzi karibu na betri hakuna, umefungwa moja kwa moja ukazungushiwa tepu nyeusi. Ampi ina fyuzi mbili za ampea 25. Sabufa ina vituo vinne, imeandikwa 2 + 2, na fundi ameunganisha vyekundu pamoja na vyeusi pamoja. Nyuma ya ampi wameandika mwisho ni omu 2.

Volti: betri 14.1, ampi inashuka hadi 11.2 besi ikipiga. Ile ya tatu inafika 1.5.

Athi ndiyo kichekesho. Nimeinua zulia la buti, nikakuta skrubu moja ya mbao, zile za bawaba za kabati, imepigiliwa juu ya rangi ya gari, tena pale maji ya barafu yanapotuama. Waya umezungushwa shingoni mwa skrubu, hauna hata kichwa. Nyuzi za shaba zimekuwa za kijani kibichi, nilipozigusa zikamong'onyoka kama chumvi ya mawe. Mpaka sasa vidole vyangu vinanuka changu na kutu.

Bi Tudor

Basi jibu unalo mkononi. Umepoteza volti 2.9 njiani. Kwenye upande wa athi pekee zimekwenda 1.5, upande wa waya mwekundu 1.4. Nusu kwa nusu. Ukibadilisha waya ukaiacha ile skrubu, umetibu mguu mmoja.

Kipimo hicho cha tatu ukifunga vizuri hakipiti 0.1 au 0.2.

Mtanga Halisi

Mkuu, salamu kutoka Tanga. Hiyo taa kufifia dawa yake kapasita tu. Mimi nilifunga ya faradi 1, mambo safi.

Waya Mwekundu

Kapasita tuiweke kando, mdogo wangu wa Tanga. Inasaidia kwa sehemu ndogo ya sekunde, besi ikidunda mara moja. Yenyewe haizalishi umeme, inaungoja kwenye waya ule ule mwembamba kama ampi inavyoungoja. Ukiiweka juu ya athi iliyooza umeongeza mlaji mezani na chakula ni kile kile.

Sasa wewe mwanangu wa Kisauni. Nafanya umeme wa magari zaidi ya miaka 20, Makupa kisha Magongo, na nakuomba usilale leo kabla hujautoa huo waya kwenye betri. Anza na hasi, ndipo utoe chanya. Waya usio na fyuzi unapita kwenye tundu la bati, gari linatikisika, siku moja plastiki inamenyeka na shaba inagusa bodi. Hapo betri itamimina mamia ya ampea kwenye waya wa soketi ya chumbani. Fyuzi za kwenye ampi hazitakuokoa, ziko mwisho wa safari na moto utaanzia katikati. Fyuzi kubwa kazi yake ni kulinda waya, ndio maana hukaa karibu na betri, isipite sentimita 45, na ikiwa karibu zaidi ndio uzuri wake.

Wati 1800 zisahau, hizo ni za kumsomea mnunuzi. Ukitaka ukweli wa ampi tazama fyuzi zake. 25 na 25 ni 50, mara volti 13.8 ni 690. Humusi moja, kama ni ampi ya daraja la D, aina isiyopoteza umeme mwingi, inapotea kwa joto. Kwa hivyo hiyo yako haipiti wati 550 hata ikilia machozi. Si mbaya. Kwa Fielder ni nyingi.

Taa nyekundu sababu yake si jua peke yake. Koili mbili za omu 2 ukiziunganisha nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi zinakuwa omu 1, na wewe mwenyewe umesoma kuwa ampi mwisho wake ni 2. Inalazimishwa kutoa umeme usio saizi yake, inachemka, inajizima isiungue. Na volti zikishuka hadi 11 ndio mateso yanazidi. Ziunganishe kwa mfululizo: chanya ya ampi iende chanya ya koili ya kwanza, hasi ya koili hiyo iende chanya ya pili, hasi ya pili irudi ampi. Jumla omu 4. Itatoa kama wati 300, sauti utaipoteza kidogo, ila huenda usiijue tofauti ukiwa ndani ya gari.

Mluzi nao unatoka huko huko kwenye athi, na hapa ndipo wengi hukosea wakaanza kubadilisha spika. Umeme wa ampi ukikosa njia ya kurudi kwenye bodi, hutafuta njia nyingine, na iliyo karibu ni ganda la ile waya ya sauti inayotoka redioni. Umeme mzito wa ampi unapita ndani ya redio yako ukiwa na kelele zote za altaneta (jenereta ya gari), ndio maana unaisikia milangoni na sabufa iko kimya. Redio ngapi nimeletewa zimeungua njia ya athi kwa mtindo huo! Tengeneza athi kwanza. Na waya wa sauti uupitishe upande mmoja wa gari, wa umeme upande mwingine. Nina hakika fundi wako kavifunga pamoja kwa tepu vikapita bega kwa bega.

Fielder ya Kisauni

Vimefungwa pamoja, ndio! Na tepu ni ile ile nyeusi. Mzee wangu, nimeshautoa waya, usiku huu nalala.

Ninunue waya gani? Na ampi niiweke wapi kama si kwenye boksi?

Waya Mwekundu

Geji 4, shaba tupu. Huo ni kama milimita 21 za mraba, zaidi ya mara nane ya huo wako. Kwa ampea 30, waya wako wa 2.5 wa mita 5 unakula volti 1 nzima, wa geji 4 unakula kama 0.12. Dukani wana aina mbili na kwa macho zinafanana: shaba kweli, na alumini iliyopakwa shaba. Omba kipande, kikwangue kwa kisu. Ndani kukiwa na weupe ni alumini, inapitisha kama asilimia 60 tu ya shaba, na kwa chumvi hii yetu ya pwani inakufa mapema. Fyuzi weka ya 60. Kwenye ukuta wa injini uupitishe ndani ya raba, usiuache ukisugua bati.

Ampi usiifunge kwenye boksi. Boksi linatetemeka usiku na mchana, skrubu zinalegea, na nimeshafungua ampi nikakuta kipande kimeng'oka kwenye risasi ya kulehemu kinacheza ndani kama kokoto kwenye kopo. Wewe una maji ya samaki nyuma, kwa hivyo buti yote ni haramu kwa ampi. Iweke chini ya kiti cha abiria wa mbele, pakavu, na waya wa umeme utakuwa mfupi. Chukua plaiwudi ya mm 12, ifunge ampi juu yake, kisha ubao uukamatishe kwenye miguu ya reli za kiti. Acha nafasi juu ipumue. Sukuma kiti mbele na nyuma uone hakigusi kitu, na usizibe tundu la upepo wa abiria wa nyuma.

Nimesema ubao kwa makusudi. Usiruhusu mtu akutobolee sakafu kwa drili bila kulala chini ya gari kwanza. Mabomba ya breki na ya mafuta yanapita huko chini, na tangi la Fielder liko chini ya kiti cha nyuma. Aliwahi kuja kijana kwangu na gari linavuja petroli, skrubu ya sabufa bado imekaa tundu lake.

Athi: tafuta bolti ya athi ya gari lenyewe pembeni ya kizingiti cha mlango, usitumie ya mkanda wala ya kiti. Piga msasa mpaka bati ling'ae kama kijiko kipya, weka kichwa cha waya kilichobanwa barabara, washa ya meno, kaza, kisha upake mafuta ya mgando au rangi juu yake. Waya wa athi uwe mnene kama mwekundu, usizidi nusu mita.

Seremala Majengo

Mimi niingie kwenye boksi, maana watu wa umeme hulisahau.

Ndugu, hilo boksi na sabufa yake halipungui kilo 25. Gari likiwa mwendo wa 50 likagonga na kusimama ndani ya nusu mita, kilo hizo 25 zinasukuma kama mzigo wa kilo 500. Kiti cha nyuma cha Fielder ni cha kukunja, kufuli zake hazikutengenezwa kwa mchezo huo. Mke wako ana haki.

Nikuulize, boksi lina tundu la upepo? Kama lina tundu bila shaka ni kubwa. Ukitaka nafasi ya makasha yako, jenga lililozibwa. Inchi 12 inatosheka na lita 30 hivi. Ndani sentimita 40 kwa 35 kwa 25 inakupa 35, toa tatu za sabufa yenyewe. Besi yake haina kishindo kikubwa kama lenye tundu, lakini ni ya kukaza, ngoma unaisikia ngozi yake. Kwa taarabu mimi sichagui jingine.

MDF (mbao ya unga uliogandamizwa) ya mm 18 ndiyo wanayotumia wote, na kwa kavu ni nzuri, nzito, haina makelele. Kwako wewe ikinywa maji ya barafu mara mbili itavimba kama mkate kwenye chai. Tumia plaiwudi ya baharini ya unene huo huo. Kila kiungo gundi na skrubu, ndani silikoni, iache siku nzima ikauke harufu yake kabla ya kuweka sabufa. Nje upake ile resini wanayozibia maboti, halafu zulia. Miguu minne ya mpira chini, maji yapite.

Kulifunga liwe la kutoka: chuma cha L mbili kila upande, chini bolti za mm 8 zilizosimama kutoka sakafuni, na nati za masikio za kukaza kwa mkono. Chini ya bati weka washa pana kama kikombe cha kahawa, si zile ndogo, bati litachanika. Mahali pa kutoboa ukalale chini uangalie kama alivyosema mzee, na gurudumu la akiba liweze kutoka. Juu yake mkanda wa kukaza wa mizigo. Ukitaka lisilotobolewa, mikanda miwili kwenye ndoana za mizigo, ila kila siku uikaze.

Waya wa spika uwekee soketi ya kuzungusha, zile za spika kubwa za harusini. Unazungusha, unachomoa, unabeba.

Jirani wa Mikindani

Mimi ombi langu moja. Ukipita msikitini au kanisani, na saa nne usiku mtaani, punguza. Sheria ya kelele ya mwaka 2009 ipo, lakini mimi hata sheria siitaji, nina mtoto mchanga na madirisha ya vioo.

Bi Tudor

Ukishafunga, usiweke geini (kile kitufe cha ampi cha kuilinganisha na nguvu ya redio) kwa sikio. Chomoa sabufa. Punguza geini yote, besi busti iwe sifuri, kichujio cha chini weka hezi 80. Pata sauti ya majaribio ya hezi 50 kwenye simu, redio iwe robo tatu. Maltimita kwenye AC, ncha mbili kwenye vituo vya spika vya ampi, ongeza geini polepole mpaka isome 34. Basi. Hesabu yake: wati mara omu, kisha kipeuo cha pili cha jibu, yaani 300 mara 4 ni 1200, na kipeuo chake cha pili ni 34.6. Kuna watu wanafikiri geini ni kitufe cha sauti, ndio wanaounguza koili.

Na betri ukaipime. Ikilala usiku, asubuhi isome karibu na 12.6. Betri ya gari dogo ni kama ampea-saa 40. Mziki wa ampea 10 injini imezimwa, saa moja umekula robo yake, na starta inataka zaidi ya 100 kwa mara moja. Kwenye foleni ya feri msikilizeni mama mkwe mwenyewe.

Fielder ya Kisauni

Narudi na habari, siku tisa baadaye. Nimechelewa kwa sababu ya boksi, seremala wangu alinizungusha.

Waya wa kwanza niliouziwa nikaukwangua pale pale kaunta: mweupe. Muuzaji akaangalia pembeni, akaingia ndani, akatoka na mwingine. Nikaukwangua na huo, mwekundu mpaka ndani. Ampi iko chini ya kiti, athi nimepiga msasa mpaka mkono ukauma.

Kipimo cha tatu cha Bi Tudor: 0.08. Kwenye ampi 13.7 besi ikipiga. Mluzi hakuna kabisa, hata sikuamini, nikazima feni nikasikiliza tena. Foleni ya Kongowea saa nane nimekaa dakika 40, ampi nimeigusa ina joto la chapati iliyopoa, taa ni ya kijani. Taa za mbele bado zinapumua kidogo sana nikipandisha sauti, betri ilikuwa imeshachoka nimeibadilisha.

Boksi linatoka kwa dakika mbili, nimejipimia. Mke wangu alilisukuma kwa miguu yote miwili huku kashika kiti, halikutikisika. Akasema haya.

Limebaki moja. Besi ikishuka chini, kuna kitu nyuma kinagonga trrrr kama panzi kwenye kopo.

Likoni Express

Hiyo ni namba ya gari, ile pleti ya nyuma. Ifungue, weka vipande vya mpira wa ndala ya zamani nyuma yake, kaza.

Fielder ya Kisauni

Ndiyo yenyewe. Ndala ilikuwa ya mke wangu na haikuwa ya zamani, kwa hivyo leo nalala na redio.